Benz ya Mzee Haiuzwi kwa Kilo

Mercedes-Benz 240D, ile iliyotengenezwa kati ya mwaka 1976 na 1985, ina uzito wa karibu kilo 1,400. Mnunuzi wa chuma chakavu anaijua hesabu hiyo hata kama hajui injini yake inakunywa dizeli au petroli. Anafika na mizani, mtungi wa gesi ya kukatia na noti mfukoni, na kwa familia yenye ada ya shule ya kulipa mwezi huu, fedha ya mkononi haikataliki kirahisi. Ndiyo maana makala haya nayaelekeza kwanza kwa watu wa Mugeta, mkoani Mara, na majirani zao wa Nyamuswa, Butiama, Bunda mjini na Musoma: wale ambao nyuma ya nyumba ya baba au babu kuna gari la Kijerumani lililosimama juu ya mawe kwa miaka, na wale ambao wana akiba kidogo na wanalitamani gari hilohilo.

Nitaje msimamo wangu mapema tusipotezeane muda. Benz ya zamani yenye bati lake, injini ya aina yake na karatasi zake ina thamani ambayo mizani haiioni. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikitoka, thamani inaporomoka, na hakuna fundi wa Musoma, Mwanza wala Nairobi atakayeirudisha kwa gharama inayolipa. Mengine yote nitakayoshauri yanaanzia hapo.

Gari ninalolizungumzia zaidi ni lile ambalo watengenezaji wake, Daimler-Benz, waliliita W123. Lilitambulishwa Januari 1976, na sedani za mwisho zilitoka kiwandani mwishoni mwa 1985. Kwa maumbo yote yalitengenezwa karibu milioni 2.7, zaidi ya milioni 2.3 yakiwa sedani za milango minne. Miaka ya mwanzo foleni ya wateja Ujerumani ilikuwa ndefu kiasi kwamba mtu aliyeuza la kwake likiwa limetumika kidogo aliweza kudai bei kubwa kuliko ya jipya.

Mamilioni hayo yana funzo kwa muuzaji: gari hili si adimu. Dalali akikuambia kwamba 200 ya mwaka 1982 imebaki moja Afrika Mashariki nzima, anakuuzia maneno. Wakusanyaji hulitafuta lililobaki kama lilivyozaliwa, kwa sababu mengi ya wenzake yaliishia kwenye kazi ya teksi, kuanzia miji ya Ujerumani hadi barabara za Morocco. Kuna 240D ya mwaka 1976, ya umbo lililotangulia kidogo, iliyokuwa teksi ya Mgiriki mmoja na kukabidhiwa kwa makumbusho ya Mercedes-Benz mwaka 2004 ikiwa imetembea kilomita milioni 4.6. Injini zake zilikuwa zikibadilishwa, lakini kila mara kwa nyingine ya aina ileile. Mgiriki yule alikuwa na busara ambayo gereji zetu nyingi hazina, na nitalirudia jambo hilo.

Wapo watakaosema kwamba W123 si gari la kifahari hasa, kwamba fahari ya kweli ni zile kubwa za S: W116 ya 1972 hadi 1980, ambayo mwaka 1978 ilianza kuuzwa na breki za ABS, au W126 iliyoifuata mwaka 1979 na kudumu hadi 1991. Au 600 yenyewe, gari la marais na wafalme, lililoundwa kwa miaka 18 na kufikia 2,677 tu. Jomo Kenyatta alikuwa nalo, Idi Amin naye. Wana hoja. Ila kijijini kwetu kila chenye nyota juu ya boneti ni Benz, na mwenye Benz ni mwenye Benz. Ukiniuliza mimi, mtu anayeishi kilomita nyingi kutoka kwa fundi anayeijua S afadhali asiiguse, hasa 450SEL 6.9 yenye springi za mafuta na gesi. Zilitengenezwa 7,380 tu, na kipuri kimoja cha mfumo huo kinaweza kukugharimu kuliko ng'ombe wako wote wa mahari. Achana nazo, uzitazame kwenye picha.

Kwa nini basi magari haya yapo Mara, tena mengine yakiwa bado na mwili mzuri? Jibu liko kwenye historia yetu. Miaka ya 1960 Waafrika Mashariki walikwishawapa jina la Wabenzi wakubwa waliotumia uhuru kujinenepesha. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi, likisimamiwa na mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, na kumiliki gari la fahari kukawa jambo la kujieleza. Benz zikabaki zaidi kwa serikali na mashirika ya umma, kwa balozi, kwa misheni na kwa wafanyabiashara wachache wenye moyo mgumu. Mafuta yalipopanda bei, kuendesha gari binafsi Jumapili mchana kukapigwa marufuku. Gari lililokuwa likioshwa na dereva wa shirika kila asubuhi halikutembea kama teksi ya Casablanca.

Kisha mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na miaka iliyofuata ikaleta magari ya Kijapani yaliyotumika, pamoja na spea zake kwenye kila duka la barabarani. Kuanzia hapo aliyekuwa na Benz akawa anasubiri nozeli kutoka Dar es Salaam wakati jirani yake ananunua ya Toyota hapohapo Bunda. Benz nyingi hazikufa kwa kuchoka. Ziliegeshwa siku moja zikisubiri kifaa, mzee akastaafu, kifaa hakikuja. Hizo ndizo ninazokuomba uzikague vizuri kabla ya kuziita mkweche.

Ukikagua, anza na bati. Watu wetu hufungua boneti kwanza, wasikilize injini, watikise kichwa. Ni kuanza kwa mkia. Injini ya dizeli ya W123 ni chuma kigumu kisicho na kompyuta hata moja, na fundi mwenye akili anaweza kuifumua na kuifunga. Bati lililooza linakatwa, na kila linapokatwa gari linapoteza umbo lake. Chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa isikwaruze rangi, upite nayo kwenye madigadi, kuzunguka taa za mbele, chini ya milango na kwenye pembe za chini za kioo cha nyuma. Isiponata, chini ya rangi kuna puti. Inua mazulia uone sakafu. Toa tairi la akiba uone shimo lake kwenye buti. Angalia chini ya betri, ambako tindikali hula bati kimyakimya, na pembeni chini ya milango kwenye matundu ya jeki. Jeki ikiingia na pembeni pakabonyea au pakalia kama karatasi kavu, mwambie muuzaji asante, urudi nyumbani.

Hapa mkoa wetu una bahati ambayo watu hawaisemi. Gari lililozeekea Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam limepumua chumvi ya bahari miaka yote. Ziwa Victoria ni maji baridi. Unyevu wa Musoma unaleta kutu, lakini si kwa ukali wa Kigamboni. Kwa hiyo kati ya Benz ya Msasani yenye rangi inayong'aa na ya Butiama iliyofubaa, mimi nitaanza kuikagua ya Butiama. Adui wetu huku ni tope. Udongo mweusi wa mbuga ukishaingia ndani ya madigadi hukaa humo na maji yake msimu mzima, na bati linaoza kutoka ndani wakati nje panapendeza. Ingiza mkono, uchimbe, uone kinachotoka. Kikitoka udongo mkavu tu, endelea. Kikitoka na vipande vya bati, umejibiwa.

Baada ya bati njoo kwenye namba. Chini ya boneti, kwenye bati la mbele juu ya rejeta, kuna kibao kinachotaja namba ya chesisi na namba ya rangi. Katika W123 namba ya chesisi inaanza na aina ya gari: 123.123 ni 240D, 123.130 ni 300D, 123.223 ni 230E, 123.033 ni 280E. Kwenye magari ya zamani zaidi, tarakimu mbili zinazofuata zinaeleza usukani na gia: 10 ni usukani wa kushoto na gia za mkono, 12 ni kushoto na gia za kujiendesha, 20 ni kulia na gia za mkono, 22 ni kulia na za kujiendesha. Yale ya miaka ya 1980 huwa na namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na WDB. Usiyachukulie haya kama mambo ya wasomi. Gari la usukani wa kulia lina wanunuzi wake Kenya, Uingereza na Afrika Kusini, na mnunuzi wa Ujerumani hatalipandia ndege.

Namba ya injini nayo inasema. Ya 240D inaanza na 616, ya 300D na 617, ya 280E na 110. Ikianza na kitu kingine, mtu amekwishaiingilia. Linganisha na kadi ya gari: kama kadi inasema 616 na kwenye bloku kuna injini ya Kijapani, una matatizo mawili, la thamani na la kisheria.

Na hapa niseme kwa sauti kuhusu tabia ya kubadili injini. Mafundi wetu ni hodari. Wanaweza kuibandika injini ya Hilux ndani ya Benz na likaondoka likicheka. Sababu zao zinaeleweka: spea rahisi, kila gereji inaijua, mteja anataka gari litembee kesho. Kama unachotaka ni gari la kwenda mnadani na gulioni, nunua hiyo Hilux yenyewe na uiache Benz ya watu. Gari likishakatwa vishikilio vya injini, ukuta wa moto ukatobolewa na gia boksi ikahamishwa, kwa mkusanyaji limekwisha. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linahesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na angalau miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na likiwa halitumiki kama usafiri wa kila siku. Kwa umri, W123 zote zimefuzu. Wengi huanguka kwenye sharti la pili, na huanguka kwa mikono ya fundi wao wenyewe.

Injini ipi kwa mtu wa Mugeta? 240D au 300D, basi. Ya kwanza ina silinda nne na mwanzoni ilikuwa na nguvu za farasi 65 tu, baadaye 72. Ni gari la mtu asiye na haraka. Ukitaka kulipita basi la Mwanza kwenye mlima, utaaibika. Ya pili ina silinda tano na pumzi zaidi. Zote zinatumia pampu ya dizeli ya kimakenika, na kwa sababu hiyo zinasamehe. 280E ni tamu barabarani. Ndiyo aina iliyoshinda mbio ndefu za London hadi Sydney mwaka 1977, Andrew Cowan akiwa usukanini. Lakini mfumo wake wa kupuliza petroli haupendi kukaa. Petroli ikikauka ndani yake miaka mitano, gharama ya kuufufua inaweza kuipita bei ya gari. Ukiipata iliyosimama muda mrefu, ihesabie hivyo tangu siku ya bei.

Anayedhani Benz na barabara ya vumbi haviendani namkumbusha habari ya mbio za Safari. Mbio zile zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye tope ambalo leo tungelikataa kwa Land Cruiser. Mwaka 1959 na 1960 walishinda Bill Fritschy na Jack Ellis kwa Mercedes 219. Mwaka 1961 akashinda John Manussis na wenzake kwa 220SE. Sedani za kawaida, siti za familia, buti la mizigo. Tangu 2003 kuna mbio nyingine, East African Safari Classic, zinazoyarudisha magari ya enzi hizo kwenye njia za aina hiyo, na misafara yake imewahi kuingia Tanzania.

Sasa karatasi. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo familia zinapopoteza gari na undugu kwa pamoja. Gari la marehemu si la mtoto wa kwanza, wala si la aliyebaki na ufunguo. Ni sehemu ya mirathi. Kabla ya kumpa mtu yeyote, dalali wa Musoma au mkusanyaji wa Nairobi, pateni cheti cha kifo, kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mmteue msimamizi, naye aende Mahakama ya Mwanzo athibitishwe. Msimamizi aliyethibitishwa ndiye mwenye sahihi inayofanya kazi TRA wakati wa kuhamisha umiliki. Mnunuzi mwenye akili atakudai hati hiyo, na asipoidai jiulize anataka kulifanyia nini gari lako.

Na mnunuzi nawe usiingie kichwa kichwa. Ukisikia, "Baba aliniachia mimi, wadogo zangu hawana neno," omba kuonana na hao wadogo zake. Mama mjane akiwepo, mwamkie na umsikie yeye mwenyewe akisema ameridhia. Nimesikia madalali wakicheka ushauri huu. Hao ni watu wanaouza leo na kubadili laini ya simu kesho.

Kadi ikiwa imepotea, msikate tamaa na msitengeneze ya kichochoroni. Taarifa ya polisi ya upotevu, namba ya chesisi iliyopigwa picha na barua ya msimamizi wa mirathi ndivyo vya kuanza navyo kwenye ofisi ya TRA. Gari lililowahi kuwa la serikali au shirika la umma linahitaji pia uthibitisho kwamba liliuzwa kihalali, kwa kawaida hati ya mnada. Tafuteni kwenye masanduku. Mzee wa zamani hakutupa risiti.

Risiti hizo, pamoja na kitabu cha matengenezo, stika ya bima ya mwaka 1986, picha ya harusi ambayo gari linaonekana pembeni, hata namba za zamani za usajili zilizotupwa darini, zote ni mali. Gari lenye historia inayoweza kuonyeshwa linalizidi bei lingine lisilo na kitu ingawa yanafanana rangi. Kama yupo mzee anayekumbuka lilinunuliwa wapi na nani alikuwa dereva wake, kaa naye, rekodi kwa simu, utaje tarehe. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, yamejaa vitu vya kawaida kabisa ambavyo vina uzito kwa sababu inajulikana vilikuwa vya nani. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam nako wameweka magari yaliyowabeba viongozi, Rolls-Royce ikiwemo. Benz ya meneja wa kinu cha pamba haitafika huko, lakini kanuni ni ileile.

Je, si rahisi kuagiza nzuri kutoka nje? Kwa Mkenya mlango huo umefungwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda tangu 2018 imeweka mpaka wa miaka 15. Tanzania haizuii kwa umri, ila inatoza ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, na viwango hupangwa upya kwenye bajeti, kwa hiyo tumia kikokotoo cha TRA cha mwaka husika na si cha mwaka uliopita. Ongeza meli, ukaguzi na bandari. Mara nyingi utagundua kwamba Benz iliyokwisha kusajiliwa hapa, hata ikihitaji rangi na siti, ni nafuu kuliko iliyong'aa ya Japani au Uingereza. Sheria hizi za majirani pia zina maana kwamba zile zilizomo Afrika Mashariki tayari haziongezeki kirahisi. Zinapungua tu, mnunuzi wa chuma chakavu akisaidia.

Jihadhari na gari linalovushwa Sirari likiwa na namba za Kenya na ahadi ya "tutabadilisha baadaye." Gari lililotumika likitoka Kenya linalipiwa forodha kama lolote jingine. Ukikamatwa nalo Bunda, hasara ni yako wewe uliye nyuma ya usukani.

Tuseme umekwisha kulipata, au umeamua kulitunza la mzee. Usikimbilie kuunga betri na kusukuma. Gari lililosimama miaka kumi huuawa na shauku ya dakika kumi. Mwaga oili ya zamani, weka mpya. Fungua tangi la dizeli, litoe, lioshe. Dizeli iliyooza huacha ute mweusi unaoziba chujio mara gari linapoanza kutikisika. Badili vichujio vyote viwili, kidogo cha plastiki na kikubwa. Kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, uelekeo wa saa, polepole. Ikikataa, isilazimishwe, kuna ringi zilizoshika kutu na zinahitaji siku kadhaa za kulowekwa. Mipira ya breki ibadilishwe yote hata ikionekana mizima, maana huvimba kwa ndani.

Siku itakapowaka, kuna jambo linalowatisha wageni wa gari hili: unazima ufunguo na injini inaendelea kunguruma. Haijarogwa. Nyingi ya dizeli hizi huzimwa kwa mvuto wa upepo unaopita kwenye mipira midogo, mfumo uleule unaofunga milango yote kwa pamoja. Mpira mmoja ukipasuka, mvuto unapotea. Chini ya boneti kuna kitufe chekundu kilichoandikwa STOP. Bonyeza, itazima, kisha utafute mpira uliopasuka. Bei yake haifiki ya soda chache. Nimeona gari zuri likihukumiwa kuwa bovu kwa kosa la mpira huo.

Valvu zipimwe kila baada ya kilomita elfu ishirini hivi, na hapa mtafute fundi mzee. Wengi wa vijana walizaliwa na injini zinazojirekebisha na hawatakumbuka. Kwa spea, Gerezani na Kariakoo bado kuna maduka yanayojua Benz, na Nairobi barabara ya Kirinyaga. Mercedes-Benz wenyewe wana kituo cha magari yao ya kale huko Fellbach, Ujerumani, tangu 1993, na bado wanatoa vipuri vya W123. Nenda na namba ya chesisi, si jina la gari. Kifaa cha 200D na cha 230E vinaweza kuonekana pacha visikubaliane.

Kuhusu maegesho, ondoa gari chini ya mwembe. Utomvu unakula rangi, majani yanaziba mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele, kuku wanalala juu, na panya wanajenga ndani ya siti, ambazo zimejazwa nyuzi ngumu wanazozipenda mno. Banda la bati lililo wazi pande mbili, sakafu ya zege au hata matofali, linatosha. Turubai la plastiki lililofunika mpaka chini ni baya kuliko jua, kwa sababu linafungia unyevu. Liendeshe angalau mara moja kwa mwezi mpaka lipate moto sawasawa, hata kama ni kwenda Nyamuswa na kurudi.

Je, kuna fedha? Swali la haki, na jibu langu litawaudhi wanaouza ndoto. Habari za mwaka 2022, kwamba Mercedes moja ya mwaka 1955 iliuzwa euro milioni 135, hazihusiani na sedani iliyoko Mugeta. Ile ilikuwa gari la mashindano, yalitengenezwa mawili tu. W123 nzuri inapanda bei taratibu, na gharama za kuitunza zinapanda nayo. Anayenunua ili auze mwakani kwa faida akanunue alizeti. Kinachoingiza kitu huku ni harusi. Musoma na Bunda kila Jumamosi kuna maharusi, na Benz nyeupe ya zamani iliyosafishwa inapigiwa simu kuliko gari jipya ambalo kila mtu analo. Ukiingia kwenye biashara hiyo, bima yako iwe ya gari la kukodisha, si ya binafsi, na uulize LATRA kuhusu leseni kabla ya kuchukua malipo ya awali ya mtu.

Kabla ya kutia shilingi, fanya hesabu moja kwenye karatasi: bei ya kununua, bati na rangi, siti, breki, tairi, karatasi. Kama jumla inazidi bei ya gari la aina hiyohiyo lililo kamili na linalotembea, nunua hilo kamili. Hapo mapenzi yasikutawale, isipokuwa gari ni la baba yako, na hilo sina mamlaka nalo. Ukipata nafasi ya kufika Nairobi wakati wa Concours d'Elegance, maonyesho yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, nenda ukaangalie majaji wanavyoinama chini ya gari na tochi. Utarudi ukijua wapi pa kutazama.

Kama wewe ndiye muuzaji, weka masharti mawili tu: fedha yote kwa benki, na uhamisho wa umiliki ukamilike kabla gari halijatoka uani. Usiruhusu mtu "alichukue kwenda kulijaribu Mwanza." Usiuze taa, nyota ya boneti wala redio peke yake kwa anayepita njiani, kipande kinachotolewa leo kwa elfu thelathini kinashusha gari zima kwa mamia ya maelfu. Na mwenye mizani akifika wiki hii, mpe maji ya kunywa, kisha mwambie arudi baada ya mwezi. Katika mwezi huo piga picha kibao cha juu ya rejeta, namba ya injini, sakafu chini ya mazulia na kila karatasi iliyopo, uzitume kwa fundi wa Benz wa Mwanza na kwa mtu mmoja anayekusanya magari ya kale. Bei watakayotaja hao wawili ndiyo ya kuanzia mazungumzo.